Kodi ya EVAP ilinila dola 727 kabla sijaielewa

Juzi kijana mmoja yuko Dallas, anafanya kazi ya kupeleka vyakula, kanitumia picha ya skana, kile kifaa cha kusoma kompyuta ya gari, imeandika P0455, chini kaandika "kaka fundi kasema tenki limetoboka nibadilishe, dola 1,100, na stika ya usajili inaisha mwisho wa mwezi, nifanyeje?" Nilicheka, halafu nikakasirika, manake nilijiona mimi mwenyewe mwaka jana nimesimama kwenye gereji ya mtu hapa Houston naitikia tu kila ninachoambiwa.

Kwanza tuelewane, kodi ninayoisema siyo ya nyumba wala ya TRA. Ni ile namba ambayo kompyuta ya gari inaiandika taa ya injini ikiwaka, na EVAP ni mfumo wa gari unaozuia mvuke wa petroli usitoke nje. Na huku Texas ukiwa kaunti kama Harris, yaani Houston, au Dallas taa ikiwaka hupiti kipimo cha moshi, na usipopita huongezewi usajili. Watu wengi walisikia kwamba Texas wamefuta ukaguzi tangu 1 Januari 2025, wakashangilia, kumbe kilichofutwa ni ule wa breki na taa na honi kwa magari ya kawaida, cha moshi kwenye kaunti kubwa kipo palepale. Mimi nilikuwa mmoja wa walioshangilia.

Sasa mwezi wa sita taa ikawaka, gari inatembea vizuri tu, haitetemeki, mafuta inakula yaleyale. Nikapita duka la vipuri ambako wanasoma kodi bure, ikatoka P0442. Kijana wa kaunta hata hakufikiri, "mfuniko wa tenki", dola 17. Nikafunga mfuniko mpya ukalia klik klik klik nikajiona fundi. Baada ya siku nne taa ikarudi.

Hapo ndo nikampigia fundi wetu. Nasema wetu kwa sababu ni mtu wa nyumbani, tunaonana kwenye shughuli, mama yake alipofariki nilichanga. Akaangalia simu yake dakika mbili akasema paji valvu, ile inayofungulia mvuke wa petroli uingie kwenye injini. Dola 165 na ufundi. Akafuta kodi, taa ikazima, nikatoka pale moja kwa moja mpaka kituo cha ukaguzi nikalipa kama dola 20, wakanirudisha! Kumbe ukifuta kodi kompyuta inasahau na vipimo vyake vyote ilivyokuwa imeshafanya, mashine yao ikasoma gari haiko tayari. Magari ya 2001 kuja mbele wanaruhusu kipimo kimoja kiwe bado, yangu ilikuwa karibu vyote viko bado. Na hakuna aliyenidokeza.

Wiki mbili baadaye taa hiyo tena, P0442 ileile. Fundi akasema basi ni kanista, kopo la kufyonzea mvuke wa petroli, dola 410. Nililipa, mama watoto hakuniuliza kitu ila aliacha kunisemesha mambo ya gari kabisa, na nyie mnajua ukimya wa namna hiyo unasema nini. Taa ikarudi. Nikampigia akaniambia "gari hizi bwana zina mambo mengi". Mpaka leo sentensi hiyo nikiikumbuka nikiwa kwenye foleni nakaza usukani.

Aliyenitoa ni mzee mmoja wa Kimeksiko, gereji yake ya bati nyuma ya duka la matairi. Hakuuliza kodi ni ngapi. Aliunganisha mashine yake ndogo inayopuliza moshi mweupe kwa presha ndogo sana kwenye mfumo mzima, gari ikiwa juu, akachukua tochi, tukasubiri. Mimi naangalia mfuniko, naangalia kanista mpya inayong'aa, hamna kitu. Halafu juu ya tenki, pale mpira wa kwenda kwenye kanista unapopinda, ukatoka moshi mwembamba kama wa udi unaoanza kushika. Mzee akaukunja ule mpira kwa vidole viwili, ufa ukafunguka, akauachia, ukajifunga huuoni tena. Joto la Houston limeukausha. Kipimo dola 80, kipande cha mpira na ufundi dola 35. Jumlisheni wenyewe.

Nikaenda nyumbani nikasoma usiku kucha kama nina mtihani. Jambo lenyewe liko hivi. Petroli inatoa mvuke hata gari ikiwa imezimwa, na mvuke huo hautakiwi kutoka nje, kwa hiyo unapelekwa kwenye kanista, ambayo ni kopo limejaa mkaa, ndiyo mkaa, ila wa kutengenezwa maalumu, unafyonza mvuke mpaka injini ikiwa inatembea ndo inauvuta na kuuchoma. Kila baada ya muda kompyuta inajipima: inafunga njia ya hewa, inavuta hewa ya ndani ya mfumo (kuna gari zina pampu yake zinafanya hivyo usiku zimepaki), inatega kuona kama mvuto unakaa au unapotea. Ukipotea inaandika kodi. P0442 ni tundu dogo, kama milimita moja hivi. P0456 ni dogo zaidi, nusu yake. P0455 ni kubwa, na P0457 ndo inayoelekeza kwenye mfuniko uliolegea au haupo.

Umeona? Namba inakwambia tundu ni la ukubwa gani. Haikwambii liko wapi. Ni kama tyubu ya baiskeli, asubuhi umeamka tairi chini, unajua upepo umetoka lakini mwiba umeingilia wapi hujui mpaka fundi aizamishe kwenye karai la maji aone povu. Mashine ya moshi ndo karai. Fundi wangu mimi alikuwa ananibadilishia tyubu bila karai, kisha ananibadilishia rimu.

Ila niseme ukweli wote. Ile kanista ya zamani alipoitoa aliitikisa mbele yangu petroli ikachuruzika sakafuni, na hilo lilikuwa kosa langu. Mimi pampu ikikata naongeza, inakata tena, naongeza mpaka nione mafuta shingoni. Nimekua Dar, mjomba alikuwa na teksi, akijaza tunashuka wote tunaitikisa gari ili iingie nusu lita nyingine, hiyo kwetu ilikuwa akili. Sasa kwenye gari hizi ile ya ziada inaingia kwenye njia ya mvuke, mkaa unalowa, basi. Kwa hiyo ile kanista ingekufa tu siku moja. Lakini siyo yeye aliyeniambia hivyo, alisema ndiyo inayowasha taa, na haikuwa.

Kwa hiyo ndugu zangu, pampu ikikata acha. Acha! Hizo senti hamsini za kuzungusha namba zitakugharimu. Taa ikiwaka imetulia na gari haina shida una muda, usikimbie na kadi ya benki mkononi (ikiwa inapepesa hiyo ni habari nyingine, hapo injini inakosa kuchoma, paki). Anza na mfuniko, utoe, ona ule mpira wake kama umekatika au una mchanga, ona ile kamba yake haijabanwa katikati. Mfuniko ukiwa mzima lipia kipimo cha mashine ya moshi kama ile ya mzee, siyo kile cha ukaguzi, kabla ya kulipia kitu kingine chochote, na fundi akikutajia kipuri kwa kusoma namba tu mwulize "umeona wapi panapovuja?" Mwulize kwa heshima lakini mwulize, hata kama mmetoka kijiji kimoja, hasa kama mmetoka kijiji kimoja. Na ukitengeneza usikimbilie ukaguzi siku hiyohiyo, endesha siku kadhaa, tenki liwe nusunusu, siyo limejaa wala siyo linaelekea kuisha, ulale na gari ipoe kabisa, manake nje ya hapo kipimo cha EVAP hata hakianzi. Na tuache aibu. Tunaona aibu kuuliza tusionekane hatujui magari, tunalipa mia nne kununua heshima ya dakika tano.

Yote hayo nilimwandikia yule kijana usiku uleule, meseji ndefu kama hii. Kanijibu jana: "Asante sana kaka, Mungu akubariki, ila fundi keshashusha tenki." Nikamuuliza kama mfuniko waliuangalia. Tiki mbili za bluu tangu jana saa tatu.