Fundi, tazama pembeni ya mshono

Springi ya lori iliyochomelewa ikirudi gereji imekatika, usikimbilie kuulaumu mshono. Mara nyingi mshono wenyewe ni mzima. Ufa umepita milimita mbili tatu pembeni yake, kwenye chuma ambacho hakikuyeyuka kabisa.

Vijana ninaowafundisha kuchomelea huwa naanza nao kwa msumeno. Tunakata kipande kuvuka mshono, tunakipiga msasa mpaka king'ae, kisha tunakipaka asidi ya nitriki kidogo sana iliyochanganywa na spiriti, glavu na miwani vikiwa vimevaliwa. Muda si mrefu ukanda mwembamba unajitokeza kati ya mshono na chuma cha asili, rangi yake tofauti. Hapo ndipo napenda wakae wakitazame. Ukanda huo ulipata moto mkali, kisha ukapoa ghafla kwa sababu chuma baridi kilichouzunguka kiliunyonya joto. Kwenye chuma chenye kaboni nyingi, kama cha springi, kupoa hivyo huzaa martensaiti, yaani muundo wa chuma ulio mgumu mno: haupindi, unapasuka. Vijiti vya kuchomelea vikiwa na unyevu, haidrojeni itokayo kwenye unyevu huo nayo huingia, na ufa unaweza kutokea hata siku mbili baadaye, gari likiwa safarini na mzigo.

Kwa hiyo springi usichomelee, mwambie mteja anunue jani jingine. Vyuma vigumu vinavyochomeleka, vipashe moto kwanza, tumia vijiti aina ya E7018 vilivyokaushwa kwenye oveni, na tafadhali acha tabia ya kumwagia maji ili kazi iishe haraka. Funika kwa majivu makavu, ipoe taratibu.

Magari mapya yana shida ya kinyume. Nguzo ya kati ya milango mara nyingi ni chuma chenye boroni, kilichogandamizwa kikiwa chekundu na kupozwa ndani ya kalibu mpaka nguvu yake ikafika kama megapaskali (kipimo cha nguvu ya chuma) 1500. Moto wako unakilegeza. Bodi itanyooka, rangi itapendeza, lakini gari likigongwa ubavuni nguzo hiyo haitamlinda abiria kama zamani. Bila mwongozo wa mtengenezaji, usiiguse.

Na mabomba yenye zinki? Zinki huchemka kwenye nyuzijoto 907, chuma huyeyuka karibu na 1500, kwa hiyo zinki inageuka moshi kabla hujaanza kazi hasa. Jioni unapata homa, baridi na ladha ya chuma mdomoni. Maziwa tunayokunywa tukidhani yanaondoa moshi huo hayafiki kwenye mapafu. Kwangua zinki kwa grenda sentimita tatu hadi tano kila upande, ukiwa umevaa barakoa ya kuchuja vumbi na moshi, fanyia kazi penye upepo, na ukimaliza paka rangi yenye zinki nyingi siku hiyo hiyo, maana pale ulipokwangua hapana tena kinga ya kutu.