Jioni ya bahari Arusha: anzeni na mchanga na chumvi

Ukitangaza jioni ya sayansi ya bahari pale Makumbusho ya Elimu Viumbe, kwenye Boma la Wajerumani, swali la kwanza litakuwa: Arusha na bahari wapi na wapi? Jibu lianze na ramani. Mto Themi unaingia Kikuletwa, Kikuletwa inaingia bwawa la Nyumba ya Mungu, na kutoka hapo Mto Pangani unamwaga Bahari ya Hindi. Kisha mezani weka zoezi moja tu: kutafuta chembe za plastiki zisizofika milimita 5. Mada tatu kwa usiku mmoja huishia kwenye soda na picha.

Mchanga uchotwe ufukweni, pale maji yalipoishia kujaa, ndani ya mraba wa sentimita 50 kwa 50, tabaka la juu tu. Ubebwe kwenye chupa ya kioo au kopo la bati, si mfuko wa plastiki. Tarehe, saa na mahali viandikwe palepale; bila hayo ni mchanga wa kujengea.

Yeyusha gramu 350 za chumvi katika lita moja ya maji ya moto, acha yapoe, yachuje kwa kitambaa cha pamba, maana chumvi ya mawe huja na takataka zake. Mimina juu ya gramu 200 za mchanga mkavu kwenye bakuli la kioo, koroga dakika 2, acha nusu saa. Wengi huchokoza mapema, vumbi bado halijatua, na chujio linaziba. Muda huo jazeni fomu ya kuandikia matokeo.

Chumvi ya nini? Polistirini ngumu (plastiki ya vijiko vya kutupa) huzama kwenye maji ya bomba, lakini huelea kwenye haya, ambayo mililita moja ina gramu 1.2 hivi. Plastiki ya chupa za maji, yenye 1.38, itazama tu. Kwa hiyo idadi mtakayopata ni pungufu, na fomu iseme hivyo.

Vilivyoelea vimimine kwenye karatasi ya kuchujia kahawa, mvitazame kwa lenzi. Kipande cha mashaka kiguse kwa sindano ya moto (ishikwe na mtu mzima): plastiki huyeyuka au hujikunja, kijiti hakiyeyuki.

Adui mkubwa ni sweta, hasa Juni na Julai. Nyuzi zake hudondoka bakulini na kuhesabiwa kama za baharini. Pembeni weka bakuli la maji yaleyale ya chumvi bila mchanga, lipitishe hatua zote, na nyuzi zitakazokutwa humo ziondoe kwenye hesabu.