Umehamia mji mpya? Usiulize mgahawa mzuri uko wapi

Wiki ya kwanza baada ya kuhama nilikula kwa kufuata simu. Nilifungua ramani, nikaandika "mgahawa", nikapanga majibu kwa nyota na kwenda kwenye ule wa juu kabisa. Kesho yake nikaenda wa pili. Kufikia Ijumaa pochi ilikuwa imekonda na sikuwa na mlo hata mmoja wa kumsimulia mtu. Chakula hakikuwa kibaya, ila kilikuwa chakula cha wapita njia. Meza zote za jirani walikaa watu walioshika simu kama mimi, nao wakitafuta njia ya kurudi walikotoka.

Nyota zenyewe ziangalie kwa jicho la pili. Mwaka 2017 mwandishi wa habari Mwingereza, Oobah Butler, aliingiza kwenye TripAdvisor, tovuti ambako wateja huipa migahawa nyota, mgahawa ambao haukuwepo. Kilichokuwepo ni banda la bustani alilokuwa akiishi, huko London. Picha za "vyakula" alizitengeneza kwa rangi na povu la kunyolea, marafiki wakamwandikia sifa, na kila aliyepiga simu kutaka meza aliambiwa zimejaa. Kabla ya mwaka kwisha, banda lile lilishika namba moja katika jiji zima.

Sisemi nyota zote ni za uongo. Bado nazisoma, lakini naanza na maoni ya nyota tatu. Wa nyota tano huenda ni shemeji yake mwenye mgahawa, na wa nyota moja ameandika akiwa bado ana hasira. Wa nyota tatu atakwambia viti ni vigumu, mchana huduma inachelewa, lakini atarudi. Hilo "atarudi" ndilo ninalolitafuta.

Aliyenitoa kwenye simu ni mlinzi wa jengo nililopanga. Siku ya kwanza nilimuuliza mgahawa mzuri uko wapi, akanyoosha kidole kuelekea jengo refu lenye vioo. Nilienda, nikalipa, nikajuta. Siku chache baadaye nikamkuta anarudi kazini huku anachokonoa meno. Nikamuuliza, "Leo umekula wapi?" Akanielekeza nyuma ya gereji, mlango usio na kibao. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia tangu mwanzo. Akacheka: "Si uliuliza mzuri?"

Jibu lile limenisaidia kuliko programu yoyote. Ukimuuliza mtu mgahawa mzuri, anakupima kwanza, halafu anakupa jibu la heshima, pengine la mahali ambapo yeye mwenyewe hajawahi kuingia. Ukimuuliza jana alikula wapi, hana muda wa kupamba. Na chagua wa kumuuliza: mtu anayekula nje kwa sababu kazi inamlazimu, tena kwa pesa yake mwenyewe. Madereva, mafundi, walinzi, wauza maduka. Dereva hasa. Hata kile kitabu maarufu cha kupima migahawa, cha Michelin, kilianzishwa Ufaransa mwaka 1900 na kampuni ya matairi kwa ajili ya wenye magari, wapate kujua pa kutengeneza gari, pa kulala na pa kula. Nyota za migahawa zilikuja baadaye sana, mwaka 1926.

Ukishaelekezwa, angalia saa. Hapa nilijifunza kwa tumbo. Nilifika mahali fulani alasiri, ukumbi mtupu, chakula kimekaa kwenye mabakuli tangu mchana bila moto chini yake. Njaa ikanishinda akili. Usiku ule sikulala, nilikuwa safari ya chooni na kurudi. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae nje kwa zaidi ya saa mbili, na kinachosubiri walaji kiwe cha moto, zaidi ya nyuzi joto 60. Huwezi kuingia na kipimajoto, lakini mvuke unaonekana. Tangu siku hiyo ziara ya kwanza naifanya saa ya msongamano, hata kama nitasimama kwenye foleni. Sufuria inayokwisha haraka haina nafasi ya kuchachisha kitu. Natazama pia kama waliokaa wanaagiza bila kufungua menyu, maana hao si wageni.

Menyu yenyewe ikiwa fupi, nafurahi. Jikoni dogo lenye vyakula sabini kwenye orodha linanitia wasiwasi: vingine vinasubiri nini, na tangu lini?

Halafu kuna kosa ambalo wageni wengi tunalipenda, la kujaribu mahali papya kila siku. Linaonekana kama ujasiri, lakini miezi miwili inapita na hakuna mhudumu hata mmoja anayeijua sura yako. Mimi nilichagua migahawa mitatu tu, nikairudia. Mara ya kwanza niliagiza kile ambacho meza ya jirani walikuwa wanakula. Mara ya pili nikamuuliza mhudumu leo kipi kimetoka vizuri. Mara ya tatu, pale nyuma ya gereji, nilitaja chakula nilichokitaka, na yule mama wa jikoni akatikisa kichwa kidogo, bila mwenye mgahawa kuona. Nikabadilisha. Ishara kama ile hazipewi sura ngeni.

Mgahawa mmoja kati ya ile mitatu nimeshauacha, chumvi ilizidi mara mbili mfululizo. Wa gereji naenda karibu kila siku ya kazi.

Juzi kwenye ngazi nikakutana na mpangaji mpya, maboksi bado yako mlangoni kwake. Akaniuliza mgahawa mzuri uko wapi. Mkono wangu ulikuwa umeshaanza kunyanyuka kuelekea lile jengo la vioo.