Gari ya spoti haiwaki? Pima kwanza, betri utanunua baadaye

Unazungusha ufunguo, gari inakujibu "tk, tk, tk". Taa za dashibodi zinafifia, na jirani aliyekaa barazani keshatoa hukumu: betri imekufa. Pengine kweli. Lakini hapa Unguja, kwa gari ndogo za spoti zinazotoka Japani kama Mazda Roadster (ndiyo hiyo MX-5) au RX-8, betri inabebeshwa makosa ya waya wa ethi (unaorudisha umeme kwenye hasi ya betri), ya redio iliyofungwa ovyo na ya terminali zilizoliwa na hewa ya chumvi. Mtu ananunua betri mpya, anafurahi wiki mbili, kisha anarudi pale pale.

Gari hizi zina tabia yake. Betri ya Roadster ni ndogo, mara nyingi haifiki hata ampea-saa 40. Roadster za vizazi viwili vya mwanzo, za 1989 hadi 2005, zimewekewa betri ndani ya buti, kwa hiyo umeme wa stata (mota inayoizungusha injini wakati wa kuwasha) unasafiri kwenye waya mrefu mpaka mbele. Na mwenyewe hatoi gari kila siku. Safari ya dakika 15 kwa foleni ya Darajani, kiyoyozi na taa zikiwaka, haiwezi kuijaza betri iliyoshuka nusu.

Unachohitaji ni mita ya digitali yenye tundu la ampea 10, spana namba 10, brashi ya waya, msasa laini na magadi soda. Na mtu wa kukupigia stata.

Anza na betri ikiwa imelala usiku kucha. Ikiwa gari imetoka kutembea, washa taa kubwa dakika mbili, zima, subiri kidogo, ndipo upime. Bila hivyo mita itakuonesha volti za juujuu zisizo na nguvu nyuma yake. Betri iliyojaa inasoma 12.6 hadi 12.7. Ikisoma 12.4 imebaki robo tatu, 12.2 nusu, na 12.0 inakaribia robo. Ikisoma karibu na 10.5 hata baada ya kuchajiwa, seli moja imekufa, kwa sababu kila seli inatoa volti 2.1 na seli ni sita. Hiyo haina dawa, inunuliwe nyengine. Iliyosoma 12.0 bado usiihukumu. Ichaji taratibu, kwa kipimo cha sehemu moja ya kumi ya ukubwa wake: betri ya ampea-saa 35 ipe ampea 3.5 kwa saa kumi au zaidi kidogo. Kisha iache ilale, uipime tena.

Ikishajaa, weka mita kwenye vichwa vya betri na mwenzako apige stata. Kwa joto letu, volti zisishuke chini ya 10. Zikianguka hadi 9 au 8 ilhali betri ilisoma 12.6, betri imechoka ndani. Lakini zikibaki 11 na stata bado inazunguka kivivu, betri haina kosa. Umeme unapotea njiani, au stata yenyewe ina tatizo.

Hapa ndipo mafundi wengi wanaporuka, na ndipo kwenye ugonjwa hasa wa visiwani. Weka mita kwenye volti. Ncha moja ichomeke kwenye kichwa chenyewe cha hasi cha betri, ile risasi ya katikati, si kwenye terminali inayoikaba. Ncha ya pili iguse chuma kisafi cha injini. Mwenzako apige stata. Namba unayoiona ni volti zinazopotea kwenye njia ya kurudi. Ikiwa 0.2 au chini, njia ni nzima. Ikiwa 0.5 pana kasoro. Ikiwa volti moja nzima, stata inanyimwa haki yake na hakuna betri mpya itakayoiponya.

Ukiipata hasara, ifuate kidogo kidogo: kutoka kichwa hadi terminali, terminali hadi bodi ya gari, bodi hadi injini. Mahali namba inaporuka ndipo penye kosa. Upande wa chanya fanya vivyo hivyo, kutoka kichwa cha chanya hadi boliti nene ya stata. Hapo usikubali zaidi ya 0.5. Usipime nyaya hizi kwa omu (kipimo cha ukinzani). Waya uliobakiwa na nyuzi tatu za shaba utasoma sifuri kama waya mzima, lakini ampea 150 za stata haziwezi kupita humo.

Ufungue waya wa ethi ulioshukiwa uutazame kwa karibu. Kwa nje plastiki inaweza kuwa nyeusi, nzuri kabisa. Ibonyeze karibu na kichwa: ikiwa imetuna au inatoa sauti ya mchanga, ichane sentimita mbili. Utakuta unga wa kijani, na nyuzi za shaba zimekuwa nyeusi na zinakatika kwa ukucha. Chumvi imeingia kwa ncha na kupanda ndani. Msasa hausaidii hapo. Kata mpaka uifikie shaba inayong'aa, au badilisha waya wote kwa mwengine wa unene ule ule au zaidi. Pale unapofungwa kwenye bodi, kwangua rangi na kutu mpaka chuma cheupe, kaza, kisha ndipo upake grisi au vaselini. Grisi inakuja baada ya kukaza. Terminali zenye ukoko mweupe zioshe kwa kijiko kimoja cha magadi soda katika kikombe cha maji ya uvuguvugu, usuuze, ukaushe.

Sasa kuchaji. Kabla ya kuwasha, fungua swichi ya ufunguo uangalie taa nyekundu ya betri kwenye dashibodi. Lazima iwake. Kwenye gari nyingi za zamani umeme wa kuiamsha altaneta (mashine inayozungushwa na injini ili kuichaji betri) unapitia kwenye taa hiyo, basi globu ikiungua altaneta inaweza kukaa kimya ilhali ni nzima. Washa injini, ipande hadi mizunguko 1,500 au 2,000 kwa dakika, na upime kwenye betri. Tarajia volti 13.8 hadi 14.5. Washa taa kubwa na feni ya kiyoyozi: zisishuke chini ya 13.5. Mchana wa jua kali, injini ikishapata moto, 13.6 si jambo la kutia wasiwasi, maana regyuleta nyingi (vidhibiti volti vya altaneta) hupunguza volti kadiri joto linavyopanda. Zikivuka 14.8 regyuleta imeharibika, na utaanza kusikia harufu ya mayai viza betri inapochemka.

Volti zikiwa ndogo, tazama mkanda kwanza. Ubonyeze kwa dole gumba katikati ya puli mbili. Kwa kawaida usiingie zaidi ya milimita 8 hadi 10. Mkanda unaolia asubuhi za masika unateleza. Kisha pima tofauti kati ya boliti nene ya altaneta na chanya ya betri, injini ikiwaka na taa zimewashwa: ikizidi 0.3, kosa ni waya, hasa kwenye Roadster zile za mwanzo ambazo waya huo unakwenda mpaka buti. Baada ya hapo badili mita isome volti za AC. Ikizidi 0.5, dayodi za altaneta (zinazougeuza umeme wake wa AC kuwa DC) zimekufa. Altaneta nyingi zinazotupwa zilitaka kaboni brashi tu, na hizo ni bei ndogo. Muombe fundi aifungue kabla ya kukuuzia nyengine.

Jambo moja msilikubali kamwe: fundi kuchomoa terminali ya betri gari ikiwa inawaka ili "aone kama altaneta inafanya kazi". Betri ndiyo inayoyatuliza mawimbi ya altaneta. Ukiichomoa, volti zinaweza kuruka na kuunguza kompyuta ya gari. Mwambie kwa adabu, "Fundi, nipimie kwa mita, usichomoe."

Ikiwa kila kitu kimepita salama na bado betri inakufa gari ikikaa, kuna mla umeme. Zima kila kitu, toa ufunguo. Kifungio cha buti kisukume kwa bisibisi kijifunge hali buti iko wazi, ili taa yake izime. Chomoa hasi, weka mita kwenye ampea 10 kati ya kichwa na terminali, usubiri dakika 30 kompyuta zilale. Usipige stata wala kufungua swichi mita ikiwa hapo, utaunguza fyuzi yake. Miliampea 20 hadi 50 ni kawaida. Hata hizo 50 zinakula ampea-saa 1.2 kwa siku, kwa hiyo betri ya 35 inafika nusu kwa siku kama 15. Miliampea 300 inaifikisha hapo kwa siku mbili na nusu. Globu ya wati 5 ya buti isiyozima ni mbaya zaidi: ampea-saa 10 kwa siku.

Chomoa fyuzi moja moja mpaka namba ianguke. Mara nyingi ni ya redio, na sababu inajulikana. Redio nyingi za Japani zilitengenezwa kwa FM ya 76 hadi 90, hivyo hapa hubadilishwa au kuongezewa kifaa cha kupanua masafa. Kwenye redio za kununua dukani waya wa njano ni wa umeme wa kudumu na mwekundu ni wa swichi. Aliyefunga akiziunganisha nyaya hizo pamoja, redio hailali. Baada ya hapo angalia alamu, na vifaa vilivyokuja na gari kutoka Japani visivyo na kazi hapa. Fyuzi zote zikitoka na namba haijaanguka, chomoa altaneta: dayodi mbovu huvuja hata gari ikiwa imezimwa.

Ukilazimika kununua betri ya kuwekwa kwenye buti, chukua iliyofungwa yenye tundu la kuunganisha mpira wa kutolea hewa, na mpira huo utoke nje ya gari. Betri ya kawaida ya maji humwaga gesi ya haidrojeni na mvuke wa asidi humo humo, na sakafu ya buti itaoza kwa kutu. Kwa betri ya maji iliyo mbele, ongeza maji ya betri yaliyokenekwa (distilled water) tu; maji ya visima vyetu yamepita kwenye jiwe la matumbawe na yana chokaa. Wenye RX-8 msiache betri idhoofike hata kidogo: injini ile isipozungushwa kwa kasi huweza kujaa petroli, na hapo betri mpya peke yake huenda isiiwashe mpaka plagi zitolewe na zikaushwe.