Usisifie kisima kabla presha haijashuka

Juzi mwanafunzi mmoja wa Mlimani ameniandikia: "Shikamoo dada. Nataka kuingia kwenye jotoardhi. Nianze na programu gani ya kuchambua presha za visima?"

Marahaba, mdogo wangu. Swali lako limenigusa penye kidonda, hivyo nitakujibu kwa kirefu.

Nilikuwa mdogo kuliko wote, na mwanamke peke yangu, kwenye timu iliyopima kisima kipya cha jotoardhi, yaani cha kutoa mvuke wa moto ardhini, nje ya nchi. Tulishusha kipima presha hadi karibu na pale mwamba unapopokea maji, tukasukuma maji baridi kidogo, tukaongeza, tukaongeza tena. Hesabu yake nyepesi: ukiongeza lita 20 kwa sekunde na presha ikapanda baa 4 (baa ni kipimo cha presha), kisima kinapokea lita 5 kwa sekunde kwa kila baa. Tarakimu yetu ilikuwa nzuri. Watu wakaanza kupongezana, na msimamizi akataka kipima kitolewe mara tu pampu ilipozimwa, maana mtambo wa kuchoronga unakula hela hata ukiwa umesimama.

Nikakataa. Nikasema kibaki chini usiku kucha. Nikaambiwa, mbele ya kila mtu, kwamba nimesoma vitabu vingi kuliko nilivyoona visima. Maneno yale bado ninayo.

Lakini nilijua ninachokitetea. Maji baridi husinyaza mwamba wa moto, nyufa zikapanuka, kisima kikaonekana kina uwezo mkubwa kuliko ulio wake. Ukweli unaupata pampu ikishazimwa, presha inaposhuka. Muda wa mwanzo unakuonyesha maji yaliyomo kisimani tu. Mwamba wenyewe unajitokeza baadaye. Chora presha dhidi ya logi (logariti) ya muda: mstari ukinyooka, mwinamo wake ndio unaokuambia mwamba unapitisha maji kiasi gani, na ukiujumlisha na mahali mstari ulipokaa, unajua kama tope la kuchorongea limeziba ukuta wa kisima.

Wetu ulinyooka usiku wa manane, na ulikuwa mkali. Maana yake kisima kilikuwa kimepata nyufa za karibu, ila mwamba wa mbali haupitishi. Kilipofunguliwa baadaye, mvuke ulianza kwa nguvu, kisha ukapungua, kama nilivyoandika kwenye ripoti. Hakuna aliyenipigia simu.

Kwa hiyo vijana wenzangu, tuache kukimbilia tarakimu ya kwanza. Tanzania ina kampuni yake ya jotoardhi, TGDC, tangu 2013. Kuna maeneo ya jotoardhi ya Ngozi na Kiejo-Mbaka kule Mbeya, kuna Luhoi hapa Pwani. Visima vya huko vitahitaji watu wanaosubiri. Pampu ikizimwa, subiri. Ukiambiwa toa kipima, omba muda, na uombe kwa maandishi. Kisima kikianza kupata joto, pima tena kutoka juu hadi chini, mara kadhaa. Ukichora presha dhidi ya kina, mistari ya vipimo hivyo hukutana kwenye kina kimoja, na mara nyingi hapo ndipo kisima kimeungana na mwamba. Presha ya hapo ndiyo uiamini. Na anayekucheka kwa kusubiri mwache acheke, wewe andika saa na presha.

Kuhusu programu, mdogo wangu, yoyote mliyo nayo chuoni inatosha. Ila inaweza kukuchorea mstari hata pale data ni fupi mno, bila kukuonya. Anza na karatasi ya logi na penseli, utafute mwenyewe mahali mstari unaponyooka, ndipo uwashe kompyuta.