Gmail imejaa? Anza na zile nzito

Pole dada, umesema Gmail inakuambia nafasi imeisha na unaogopa kufuta usije ukapoteza risiti za kazi, sasa usifute moja moja utachoka bure. Zile GB 15 za bure Gmail inagawana na Drive na Photos (hifadhi za Google za mafaili na picha), so cheki kwanza nani anakula zaidi. Kama ni imeili, pale pa kutafutia andika has:attachment larger:10M zitakuja zenye viambatisho vizito tu, mi nilikuta video ya harusi ya binamu, MB 20 na ushee, imetumwa mara tatu! Unazozitaka pakua weka kwenye flashi, hakikisha zinafunguka kabisa, ndo ufute. Halafu mwaga na pipa la taka, maana zinakaa humo siku 30 na nafasi hairudi.