Stika za maji na klia kwenye modeli: tatizo huanzia chini ya stika

Ukiona modeli ya gari la mbio ambayo namba ya mlangoni imezungukwa na ukungu wa rangi ya fedha, usimlaumu aliyechapa stika ya maji, yaani mchoro ulio juu ya utando mwembamba unaolowekwa ili uachane na karatasi yake. Mambo yaliharibika kabla karatasi haijaguswa na maji. Rangi isiyong'aa, hata kidole kikiiona laini, imejaa vilima na mabonde madogo mno. Utando wa stika unalala juu ya vilima, hewa inabaki mabondeni, na mwanga ukiipiga hewa hiyo unarudi mweupe. Dawa ya kulainisha stika inapunguza ukungu kidogo, lakini haiwezi kutoa hewa yote iliyonaswa.

Tuchukue gari moja la mfano: Datsun 240Z iliyoshinda Safari Rally ya 1971 mikononi mwa Edgar Herrmann, Hans Schüller akiwa msoma ramani. Hasegawa wa Japani wameitoa kwa skeli ya 1/24. Bodi ni nyekundu na boneti ni nyeusi, na rangi hizo mbili ndizo zinazomtesa mbandikaji. Wekundu hupenya chini ya stika nyeupe, na weusi hauwezi kuficha hata punje ya ukungu.

Kwa hiyo kazi inaanza na klia ya kung'aa, yaani vanishi angavu isiyo na rangi, hata kama rangi yenyewe tayari inang'aa. Klia hiyo inasawazisha uso, na pia inaikinga rangi dhidi ya dawa za stika na ncha ya wembe. Tamiya X-22 inafaa sana. Changanya sehemu 1 ya klia na sehemu 1 ya thina yake X-20A, au thina inayokauka polepole kama Mr. Color Leveling Thinner, ambayo unaweza kuifikisha sehemu 2. Kwa brashi ya hewa (kifaa kidogo cha kupulizia rangi), weka presha kati ya psi 15 na 20, umbali wa sentimita 10 hadi 12. Piga mikono miwili myepesi, yaani tabaka mbili, ukiiachia dakika 10 katikati, kisha mmoja uliolowa vizuri, unaong'aa kote lakini hautiririki kwenye kingo.

Kipimo cha kujua kama uso uko tayari ni taa. Ishike modeli chini ya balbu na uangalie taswira yake kwenye boneti. Kingo za balbu zikionekana kali, endelea. Zikiwa zimefifia, uso bado una chembe, ongeza mkono mmoja. Halafu acha saa 24, au 48 kipindi cha mvua. Ukinusa na bado unapata harufu ya thina, haijakauka, hata kama haishiki kidole.

Sasa maji. Maji ya kisima yenye chumvi, ambayo wengi wa Dar es Salaam na pwani kwa jumla wanayajua, yanaacha alama nyeupe yakikauka. Tumia maji yaliyosafishwa ya kuongezea betri (hakikisha ni maji, maana dukani asidi ya betri huwa jirani yake), yakiwa vuguvugu.

Kata stika moja moja, karibu kabisa na mchoro, ili utando mtupu unaozunguka uwe mdogo. Ichovye kwa sekunde 10 tu, itoe, ilaze juu ya tishu iliyolowa na usubiri kama dakika moja. Kuiacha ielee kwenye bakuli mpaka ijitenge na karatasi ni uvivu unaogharimu, kwa sababu gundi yote inabaki majini. Ijaribu kwa ncha ya brashi: ikiteleza yenyewe iko tayari, ikigoma iongezee nusu dakika. Usiivute kwa kibano.

Pale itakapokaa, paka kwanza dawa ya kushikiza, kama Micro Set. Siki nyeupe iliyochanganywa na maji, sehemu 1 kwa 3, hufanya kazi inayokaribiana. Sogeza karatasi hadi mahali penyewe, kisha telezesha stika kutoka kwenye karatasi kwa brashi yenye maji. Ikishakaa sawa, kamua maji kwa kijiti cha pamba kilicholowa, ukianzia katikati kwenda nje, na kijiti ukikiviringisha. Ukikiburuta, kinaondoka na kona.

Baada ya dakika 10 hivi, pitisha dawa ya kulainisha: Micro Sol, au Mr. Mark Softer. Hapa ndipo watu huharibu stika nzuri. Utando utajikunja na kufanya makunyanzi ya kutisha, na mkono utawasha kutaka kuyanyoosha. Usiguse! Wakati huo stika imelainika kabisa na brashi itaichana. Iache nusu saa, itajilaza yenyewe ndani ya mistari ya paneli. Rudia mara mbili au tatu penye mkunjo mkali. Nguvu ya dawa hizi hutofautiana kulingana na stika pia, kwa hiyo jaribu kwanza kwenye stika usiyoihitaji, ukiwa umeibandika kwenye kijiko cha plastiki kilichopakwa rangi na klia ile ile.

Stika inayovuka mstari wa mlango isubiri ikauke, kisha ikate juu ya mstari kwa wembe mpya na uipake tena dawa, ili kingo zake zishuke ndani. Kiputo kilichobaki kitoboe kwa sindano nyembamba, weka tone la dawa, bonyeza kwa kijiti chenye unyevu. Fanya hivyo kabla ya klia ya juu, maana baada yake dawa haina njia ya kufika chini.

Kwenye miduara meupe ya namba juu ya bodi nyekundu, weupe mwembamba hugeuka waridi. Ukiwa na stika ya ziada yenye weupe wa kutosha, kata mduara mdogo kuliko ule wa juu kwa nusu milimita kila upande, ubandike kwanza, ukauke usiku kucha. Kwa maoni yangu ni bora zaidi kupaka mduara mweupe wa rangi kabla ya klia ya kwanza: hauongezi unene, na kingo zake zinafunikwa na stika.

Kesho yake futa modeli nzima kwa kitambaa chenye maji vuguvugu na tone la sabuni ya vyombo. Gundi iliyosambaa haionekani leo, lakini chini ya klia inakuja kuwa doa la kahawia.

Klia ya juu inataka subira kuliko yote, hasa ile ya lakeri, yaani ya thina kali. Ukiimwaga nzito mara ya kwanza, thina yake inaingia kwenye stika na kuipasua au kuikunja, na hapo hakuna pa kurudi. Klia ya kopo la kupuliza ya Tamiya TS-13 ni nzuri kwa mng'ao lakini ni kali, hivyo ianze kwa mbali. Piga vumbi jepesi mara mbili kutoka sentimita 20 hivi, ukiacha dakika 15 kila mara. Utando huo mkavu ndio ngao. Baada yake ndipo mikono miwili au mitatu iliyolowa.

Klia ya magari ya dukani, ile ya kuchanganya na hadina (kigumishi), inang'aa kuliko zote na inakauka ngumu. Ila hadina yake ina isosayaneti, kemikali inayodhuru mapafu, ambayo barakoa ya vumbi au ya hospitali haizuii hata kidogo. Bila barakoa yenye vichujio vya mvuke na mahali penye hewa inayotoka nje, achana nayo. Vilevile thina kali ya gereji ikigusa plastiki tupu, isiyo na praima, inaitia nyufa nyembamba.

Adui wa pwani ni unyevu wa hewani. Thina ikiruka inapoza uso, mvuke wa maji unatulia juu yake na klia inageuka nyeupe kama maziwa. Kipima unyevu kikisoma zaidi ya asilimia 70, ahirisha lakeri. Saa za kufaa ni kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, siku isiyo na mvua. Klia ikishageuka nyeupe, acha ikauke siku nzima, kisha puliza vumbi jepesi la thina ya polepole pekee. Mara nyingi klia hulainika, inaachia maji na kurudi safi. Bara kwenye joto kavu, tatizo hugeuka: matone yanakauka angani na uso unakuwa na chembe. Sogea karibu sentimita mbili au tatu na uongeze thina ya polepole.

Ngazi ya ukingo wa stika inaondoka kwa msasa wa maji namba 2000, baada ya klia kukauka siku mbili kwa lakeri na wiki nzima kwa X-22. Sugua taratibu na ukae mbali na kona za bodi, ambako klia ni nyembamba. Piga mkono wa mwisho, na ukishakauka maliza kwa kompaundi ya kung'arishia.

Boneti nyeusi iache ya mwisho. Ziba bodi kwa utepe wa mafundi rangi, ukiwa umeupunguza makali ya gundi kwa kuubandika mara kadhaa kwenye kiganja, kisha piga klia isiyong'aa mikono miwili. Chupa ya klia hiyo ikoroge dakika mbili kamili. Unga unaofifisha mng'ao hutuama chini, na usipochanganyika sawasawa unatua juu ya boneti kwa mabaka meupe.